Kapteni Haachi Meli

Wanaonisoma siku zote wanajua mimi ni mtu wa tamthilia za Kituruki. Nikishafunga duka la vipuri vya pikipiki hapa Mwanga, Kigoma, nikaoga, nikala, nataka kuona watu waliovaa vizuri wakisalitiana mbele ya mama mkwe. Mambo ya anga za mbali niliwaachia vijana wa kibanda umiza. Sasa tangu masika yaishe natazama Star Trek, tena si hizi za juzi zenye milipuko, ni ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 ikasimamishwa Juni 1969 baada ya vipindi 79. Na siitazami peke yangu. Naitazama na Babu, Ujiji. Peke yangu ningeiacha mapema sana, kwa sababu mimi nilikuwa natafuta nyota humo, na nyota ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Ilianza hivi. Binamu yangu wa Dar alikuja harusini akaacha diski imejaa sizoni, nami nikaenda nayo kwa Babu kwa sababu televisheni yake ni kubwa kuliko yangu, na kwa sababu hakuna anayepika migebuka kama Bibi. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Babu akaona kile chombo cheupe kinapita kwenye kioo, akauliza, "Hiyo inahusu nini, mke wangu?" (Ni babu na mjukuu, msishtuke. Bibi ndiye mke mwenza.) Nikamjibu ili aniache nitafute changu: "Inahusu meli." Akasema weka.

Babu alikuwa chumba cha mitambo cha MV Liemba, meli ya abiria na mizigo ya Ziwa Tanganyika. Hakusomea uinjinia. Alianza kama kijana wa kufuta mafuta na kupaka grisi, akapanda kidogo kidogo, akastaafu akiwa ameisikiliza mitambo ile miaka mingi hivi kwamba leo ukimsemesha upande wa kushoto anageuza kichwa kizima. Aliikuta meli ingali ya mvuke, kabla mitambo hiyo haijang'olewa miaka ya 1970 ikafungwa ya dizeli, na hilo hajawasamehe waliolifanya. Kwa wasio wa huku: Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiichukue, lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Hiyo habari ya grisi Babu huisimulia kana kwamba kopo alilishika yeye.

Huyo ndiye mtazamaji mwenzangu. Wakati Wamarekani wanaitazama hii mara ya kwanza, Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na isingekuwa nayo mpaka miaka ya 1990. Zanzibar walitutangulia miaka ya 1970. Babu alikuwa kijana wa kusikiliza redio dirishani kwa jirani. Kiingereza chake ni cha melini: valvu, presha, standibai, na matusi. Yaliyobaki namtafsiria mimi. Kutafsiri kwa sauti huku Bibi anauliza "kasema nini huyo?" na watoto wa jirani wamejaa mkekani ni kazi ya kulipwa mshahara. Tangu sasa sitawacheka tena wale madijei wanaotafsiri muvi.

Ukiizoea picha ya leo, hii utaicheka. Mbingu za sayari ni ukuta uliomulikwa taa ya zambarau, wiki nyingine taa nyekundu. Ile milango inayojifungua yenyewe ilikuwa inavutwa na watu waliojificha nyuma yake. Meli ikipigwa kombora, kamera inainamishwa na waigizaji wanajirusha upande mmoja, na ukiwa makini utamwona mmoja aliyechelewa. Mimi nilicheka. Babu alikaa amekunja nne, hakucheka, mpaka tulipofika kipindi ambacho Kapteni Kirk, msaidizi wake Spock na Daktari McCoy wote watatu wanashuka kwenye sayari wasiyoijua.

"Meli kamwachia nani?"

Nikamwambia, Scotty, injinia.

"Injinia ana mitambo yake ya kuangalia. Kapteni haachi meli."

Maneno hayo nimeyasikia karibu kila tulipokaa. Mwanzoni yalinichosha, baadaye nikaanza kuyangoja. Maana ukiitazama hivyo, kila kitu kinabadilika: unaacha kuuliza kama hilo dude la mpira linatisha, unaanza kuuliza nani yuko zamu, nani kapewa amri na nani hakuitii, na juu huko waliobaki wamekaa kwenye hali gani.

Mfano ni ile mashine ya kuyeyusha watu huku na kuwaunda upya kule. Watengenezaji waliibuni kwa sababu ya pesa tu: kutua na chombo kikubwa namna ile kwenye sayari mpya kila wiki kungewafilisi. Badala yake wakapiga picha vumbi la alumini likianguka kwenye mwanga, wakalibandika juu ya picha ya mtu, mtu akametameta akapotea. Nilijiandaa kumweleza Babu taratibu. Hakuhitaji. Alisema meli kubwa haisogei ufukweni, kila mtu anajua.

Na kweli kwa mtu wa Liemba hilo halina ugeni wowote. Kutoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, vituo vyenye gati ni vya kuhesabu. Kwingine, enzi za Babu, meli ilikuwa inasimama kwenye kina, usiku mara nyingi, inapiga honi, na kutoka gizani inakuja mitumbwi na maboti yamewasha taa, yanagombania kugusa ubavu wa meli. Mlango wa pembeni unafunguliwa. Magunia ya dagaa yanaingia, mahindi yanatoka, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono juu ya maji, mama yake anafuata ameshika sandali kwa meno, na mtu mmoja lazima agombane na mwenye boti kuhusu nauli. Dakika chache, honi, meli hiyo. Anayeshuka anaingia kwenye kijiji ambacho wa melini hawakijui zaidi ya taa zake. "Ndiyo hiyo hiyo," Babu akasema. "Ila hawa hawalowani."

Baada ya hapo nikaona kwamba Star Trek haina hadithi moja ndefu kwa sababu ni ratiba ya vituo. Wanafika, hawajui kinachowasubiri, wanakutana na ugomvi wa watu, wanauamua au unawashinda, honi, wanaondoka. Hakuna anayekumbuka kituo cha wiki iliyopita. Kwa mlaji wa tamthilia za Kituruki kama mimi, ambako kofi la kipindi cha tano linalipwa kipindi cha tisini, hili lilinikera. Kirk anampenda mwanamke leo mpaka machozi, Alhamisi ijayo hamjui.

Jambo la pili lililomuudhi Babu ni mashati. Dhahabu ni ya wakuu, bluu ya daktari na wataalamu wa sayansi, nyekundu ni ya mitambo, mawasiliano na walinzi. Mtakaoitazama mtaliona wenyewe: wakishuka wanne, mmoja ana shati jekundu na jina lake hatukuwahi kulisikia, huyo maskini harudi. Anafyonzwa, anachomwa, anageuzwa jiwe. Kirk anasikitika kidogo kisha kazi inaendelea. "Hawa watu wa mitambo," Babu akauliza, kwa uchungu wa kweli, "hawana chama cha wafanyakazi?"

Lakini walimpa Scotty. Mwigizaji wake, James Doohan, alikuwa Mkanada. Alipoambiwa ajaribu lafudhi mbalimbali alisema kama huyu ni injinia basi awe Mskoti, na Babu akaafiki hapo hapo, kwa sababu wazee aliowakuta melini walikuwa wakimsimulia Mskoti mmoja wa zamani aliyekuwa akiongea na boila. Scotty naye anaongea na mitambo. Kirk akiomba mwendo zaidi, Scotty analalamika kwamba haiwezekani, kisha anafanya. Babu anasema hiyo si hadithi ya kutunga, hiyo ni kazi yenyewe: ukikubali haraka, kesho wataomba zaidi.

Nikamsomea kwamba Doohan alikuwa mwanajeshi, alishuka pwani ya Ufaransa Juni 1944 na jeshi la Kanada, akapigwa risasi, akapoteza kidole cha kati cha mkono wa kulia, na kwamba kwenye kamera alikuwa akijitahidi kukificha. Nilikosea kumwambia? Sijui. Ninachojua ni kwamba toka hapo Scotty akitokea hakuna anayesikiliza anachosema. Sebule nzima inatazama mikono. Mfukoni. Nyuma ya mgongo. Chini ya meza. Tukakipata kwenye The Trouble with Tribbles, kipindi cha Desemba 1967 kuhusu vile vidubwana vya manyoya vinavyozaana kwa kasi ya ajabu. Scotty anaingia amevikumbatia kifuani, mikono imejaa, hana pa kuificha. "Hicho! Hicho pengo!" Babu alisimama, na kusimama siku hizi si jambo dogo kwake.

Kipindi hicho hicho kina mandhari ambayo nimelazimishwa kuirudisha nyuma mpaka Bibi akaenda kulala. Mabaharia wa Enterprise, ndiyo meli ya Kirk, wako baa kwenye kituo cha angani, na Waklingon, mahasimu wao, wako meza ya pili. Mklingon mmoja anaanza kumtukana Kapteni Kirk. Anamwita dikteta, anamwita kila jina. Chekov kijana anataka kurusha ngumi, Scotty anamkalisha: tulia, kunywa. Mklingon akaona halijaingia, akageukia meli. Akasema ni chombo cha kubebea takataka. Scotty akaweka glasi chini taratibu, akainuka, akampiga. Vita vikaanza, meza zikapinduka.

Baadaye Kirk anawapanga mstari, kisha anabaki na Scotty. Anataka kujua nani kaanza. Scotty anakiri ni yeye. Kirk, kifua mbele: walinitukana mimi, sivyo? Scotty: ndiyo, walikutukana sana. Ukawapiga? Hapana, hapo hatukuwapiga. Ukawapiga lini? Walipoitukana meli. Uso wa Kirk hapo, mtu aliyetegemea kuwa muhimu kuliko bati. Anamwadhibu Scotty asitoke chumbani kwake, na Scotty anashukuru kwa furaha kwamba sasa atapata muda wa kusoma majarida yake ya ufundi. Babu aliangua kicheko kikageuka kikohozi. Alisema kama angeulizwa kwa nini alikaa Liemba miaka yote ile na mshahara ule, angejibu hivyo hivyo, ila hakuna aliyemuuliza.

Watoto wa mkekani waliwapenda vidubwana vyenyewe. Vinaingia kwenye ghala la nafaka, vinakula, vinazaana, halafu Kirk anafungua mlango wa juu na vinamporomokea kichwani mpaka shingoni. Ila vingi vimekufa, na hapo ndipo wanagundua nafaka ina sumu. Babu alikuwa na maoni marefu juu ya panya na mzigo wa mahindi, nawahurumia, siyaandiki.

Ukiniuliza mimi, kilicho bora kuliko vyote ni Balance of Terror, cha Desemba 1966. Meli ya Waromula, isiyoonekana kwa macho, imevuka mpaka na kuharibu vituo vya ulinzi. Enterprise inaifuata. Saa nzima ni makapteni wawili wasioonana, kila mmoja anajaribu kufikiri kichwa cha mwenzake. Kuna wakati wote wanazima kila kitu na kukaa kimya, kisha Spock kwa bahati mbaya anagusa kitufe, mlio unatoka, na adui anajua walipo. Hakuna dude la mpira hapa. Ni jasho tu na nyuso.

Babu alikwisha kusogeza kiti. Ziwa letu limewahi kuona haya. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Afrika Kusini, kisha kwa reli na kwa kukokotwa porini kupitia Kongo, mpaka upande wa pili wa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ikabaki Götzen, Liemba yetu ya baadaye, kubwa kuliko zote. Ilipotokea, kamanda wao Spicer-Simson hakuithubutu. Babu aliyapata haya kwa wazee wa Ujiji waliokuwa watoto wakati huo, na huyaeleza kwa mikono: hapa Kigoma, hapa ng'ambo, hapa katikati maji na ukungu wa asubuhi, na kila mmoja anajua mwenzake yupo. Nikasitisha picha akamaliza. Mwishoni kapteni wa Waromula, ameshindwa, anamwambia Kirk kupitia kioo kwamba mahali pengine wangeweza kuwa marafiki, kisha anailipua meli yake mwenyewe asichukuliwe.

"Kama Wajerumani," nikasema.

"Wale walipaka grisi," akanijibu. "Huyu hana matumaini."

Kipindi kinaanza na harusi ndani ya meli, ikakatishwa na king'ora. Bwana harusi ndiye pekee wa Enterprise anayekufa. Nilifikiri kitaishia kwenye ushindi, kumbe kinaishia na Kirk akitafuta la kumwambia bibi harusi. Uturuki wangefanya vipindi sita vya hilo.

Bibi, ambaye anadai hatazami, ana chake: The Devil in the Dark. Wachimbaji wanauawa mgodini na kiumbe cha jiwe kinachoyeyusha miamba. Wote wanataka kiuawe. Spock anakiwekea mikono, anapata maumivu yake mwilini mwake, na inajulikana kwamba yale mawe ya duara waliyokuwa wakiyavunja kwa maelfu ni mayai. Ni mama. Daktari McCoy anaitwa atibu jeraha la jiwe, analalamika kwamba yeye ni daktari, si fundi wa kujenga, halafu anakandika saruji na kidonda kinafunga. Bibi akasema tangu mwanzo alijua ni mzazi. Mwenye hasira namna ile lazima ana watoto ndani.

Sasa Uhura, yule mwanamke mweusi wa mawasiliano melini, maana najua mnamsubiri. Kipindi cha kwanza kilichorushwa, The Man Trap, kina kiumbe kinachobadilika sura na kufyonza chumvi yote mwilini mwa mtu. (Bibi, akipita na sinia, akauliza kwa nini hakiendi Uvinza kwenye chumvi kikawaacha watu. Daktari McCoy na elimu yake hakuwaza hilo.) Kiumbe hicho kinamfuata Uhura koridoni kwa sura ya mwanaume mweusi mtanashati na kumsemesha Kiswahili. Sebule ililipuka. Tukarudisha, tukasikiliza, tukarudisha. Ni Kiswahili cha watu walioandikiwa kwenye karatasi, lakini ni Kiswahili, kwenye televisheni ya Marekani, mwaka 1966, wakati uhuru wetu wenyewe haujatimiza miaka mitano. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili ameshika kitabu kiitwacho Uhuru, na jina la mhusika likatoka hapo.

Kilichonichoma ni kipindi kingine, The Changeling, cha Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inamuua Scotty na kumfufua (Babu alikuwa hajiwezi kwa dakika zile katikati), na inafuta kila kitu kichwani mwa Uhura. Inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Akiwa anajifunza, kinachomtoka ni Kiswahili, na nesi Chapel anamrekebisha: si Kiswahili, kwa Kiingereza. Aliyesoma sekondari huku ataelewa kwa nini nilisitisha picha. Sisi tulikuwa na kibao cha mbao cha kuvaa shingoni. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Karne ya 23, mwanamke ameruka mbali kuliko binadamu wote, ubongo umefutwa mpaka ukabaki ule wa mwanzo, na bado yupo wa kumwambia ongea Kiingereza.

Nichols alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, akakutana na Martin Luther King, ambaye alimwomba abaki kwa sababu ya maana ya yeye kuonekana pale. Akabaki, na baadaye, kuanzia 1977, akafanya kazi ya kuhamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga NASA. Namheshimu. Lakini namhurumia Uhura. Anakaa na kile kidude sikioni, anasema mawasiliano yako wazi, na mara nyingi ndiyo basi. Kinachonitia hasira zaidi ni kwamba kwenye kipindi cha majaribio cha mwanzo kabisa, ambacho kituo cha televisheni kilikikataa, msaidizi wa kapteni alikuwa mwanamke, Majel Barrett, mtulivu, anatoa amri na zinafuatwa. Walipotengeneza upya nafasi hiyo haikuwepo. Barrett akarudi na nywele za dhahabu kama nesi. Nesi yupi? Huyo huyo Chapel. Na kipindi cha mwisho kabisa cha 1969 kinamhusu mwanamke aliyechanganyikiwa kwa sababu hakupewa ukapteni. Nina duka, nina vijana wawili wa kiume ninaowalipa, sikukimaliza.

The City on the Edge of Forever, kile kinachosifiwa na wote, tulikigombania. Kirk anarudi nyuma hadi New York ya 1930, anampenda Edith Keeler anayelisha maskini, halafu inajulikana kwamba asipokufa kwa kugongwa na gari historia yote itaharibika. Kirk anamzuia daktari asimwokoe. Mimi nililia. Babu akasema ni upuuzi, wangemchukua wakaondoka naye, huko alikotoka asingekuwepo, historia ingejuaje? Nimetafuta jibu la hilo mpaka leo.

Msimu wa tatu sitaongea sana. Kituo kilitaka kuisimamisha, watazamaji wakaandika barua nyingi, kampeni iliyoongozwa na Bjo Trimble na mumewe, ikapewa mwaka mmoja zaidi; kisha ikapangwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wote hawako nyumbani, na pesa zikapunguzwa. Inaonekana. Kinafunguliwa na Spock kuibiwa ubongo, Spock anatembea bila ubongo kwa rimoti. Babu alikwenda kuswali Isha akawa harudi.

Kama unataka kuanza, usianze na cha kwanza. Anza na Balance of Terror, kisha tribbles na watoto, kisha mama wa mgodini. Ukifika msimu wa tatu chagua kwa kuuliza.

Juzi binamu alinipigia, nikamlalamikia habari ya kapteni asiyekaa melini. Akacheka, akasema iko nyingine, iliyoanza 1987, yenye vipindi 178, na humo kapteni anabaki melini, anayeshuka kwenye sayari ni msaidizi wake, tena kapteni akijaribu kushuka msaidizi anamzuia. Nikampelekea Babu habari hiyo na kahawa. Akaifikiria.

"Basi kuna baharia aliwaandikia barua," akasema.

Binamu, ukisoma hapa: Desemba uje na hiyo ya 1987, na Bibi anakukumbusha kitenge chake.